Kwa Kreni Hadi Gisenyi, Kuitoa Boti ya Papa Aline

Kilichonitoa Mwanza ni swali la mwanafunzi. Nafundisha mitambo ya kunyanyulia mizigo katika chuo cha ufundi, mwaka wa nane sasa, na uani kwetu tuna kreni moja ndogo iliyofungwa juu ya lori lisilotembea tena. Kila muhula tunanyanyua pipa moja la mchanga. Tunalipandisha, tunalizungusha, tunalishusha palepale, na darasa zima linapiga makofi. Mwaka huu, makofi yalipokwisha, Neema wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Wewe umewahi kuinua mzigo ambao mwenyewe amesimama pembeni anaungoja?"

Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata. Lakini swali lile lilinifuata nyumbani, likakaa nami mezani, likanilia chakula changu. Kabla sijalala nikampigia simu Dativa. Tulisoma pamoja zamani, wakati wazazi wake wakiishi Karagwe. Baadaye familia yao ilirudi Rwanda, na sasa anaendesha kreni ya magurudumu ya kampuni moja ya Kigali. Mimi nilibaki na vitabu, mwenzangu akapata usukani.

"Njoo wiki ijayo," akaniambia. "Ijumaa naenda Gisenyi. Kuna fundi kajenga boti ya chuma katikati ya mtaa, mbali kabisa na ziwa. Miaka mitatu anajenga. Sasa imekwisha, na hana namna ya kuitoa."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Kesho yake nikaomba ruhusa ya wiki moja.

Safari ya basi kutoka Mwanza hadi mpaka wa Rusumo sitaieleza, wengi wenu mnaijua, na asiyeijua hajakosa kitu. Alhamisi jioni nikaingia Kigali, na hapo ndipo safari yangu ilipoanza kweli. Niliinua macho nikaona kreni ya mnara, nikaona ya pili, ya tatu, nikahesabu sita kabla sijashusha begi. Wanafunzi wangu nimewachorea kreni hizi ubaoni mara nyingi: hukaa mahali pamoja, mkono mrefu mbele wa kubebea, mkono mfupi nyuma umefungwa vipande vya zege ili isipinduke, na ghorofa likipanda nayo huongezwa kimo. Yote hayo nayajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ukisimama chini yake utatabasamu peke yako barabarani na watu watakupisha.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilipanda ngazi ya kreni ya Dativa. Jamani! Ni ya manjano, ina magurudumu kumi, na mkono wake umelazwa mbele juu ya paa kiasi kwamba ncha inatangulia kufika kila mahali. Nilikaa kule juu nikajiona waziri. Dativa, aliyenenepa kidogo na kuvaa miwani siku hizi, alinitazama pembeni.

"Umefunga mkanda, Mwalimu? Au umekuja kupunga mkono tu?"

Kwenye mlima wa Buranga tulipanda polepole kiasi kwamba waendesha baiskeli waliokuwa wakisukuma viazi walitusalimia, wakatupita, wakatusalimia tena. Muda huo Dativa akanisimulia maisha yake, na maisha yake ni kreni tupu. Kazi ya kwanza ilikuwa kiwandani, kwenye kreni ya darini, ile inayotembea juu ya reli mbili chini ya paa, kuhamisha vyuma kutoka kona hii kwenda kona ile mchana kutwa. Kisha miaka miwili juu ya mnara, chakula kikipandishwa kwa kamba. "Huko juu unaona nchi nzima, lakini huna wa kuongea naye," akasema. "Hii yenye magurudumu ndiyo yangu. Leo hapa, kesho pale." Upande wa Nyabihu tukapita penye daraja jipya, na bondeni ilikuwapo kreni ya mikanda ya chuma, inayotambaa kama tingatinga. Barabarani haitembei, hubebwa na trela, lakini kwenye matope haina mpinzani. Nilimwomba Dativa asimame niipige picha, akakataa, nikanuna kwa kilomita mbili.

Ndipo akaniambia jambo lililonifutia uchangamfu. Jumatatu asubuhi kreni yake inatakiwa iwe Kigali kwa kazi nyingine, kwa hiyo Jumapili ni ya kurudi. Iliyobaki ni Jumamosi, tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo mtaa mzima hutoka kwa kazi ya pamoja na shughuli nyingine zote husimama hadi saa tano. Na alasiri upepo wa Kivu huanza.

"Tukishindwa?" nikauliza.

"Foleni ya kreni imejaa miezi na miezi. Yule mzee ameshapatana na wakulima wa Mudende kubeba viazi vyao ziwani msimu huu. Boti isipoingia majini, watatafuta mwingine. Miaka mitatu, Kulwa. Karakana yake yote imo ndani ya boti ile."

Ijumaa saa tisa alasiri tukaingia Mbugangari. Mtaa ule umejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, wenyeji huyaita amakoro: kuta za mawe hayo, vichochoro vya mawe hayo, hata magoli ya mpira ya watoto ni mawe hayo. Tulipinda kona ya duka la vocha, na mbele yetu, juu ya mabati ya nyumba, likajitokeza tumbo la buluu la boti. Nilipiga kelele kama niliyeona tembo.

Mwenyewe alitoka akiwa na miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso. Alikulia Kongo, akajifunza uchomeleaji Goma, Kiswahili chake ni cha huko ('ndiyo' kwake ni 'njo'), na mtaa wote unamwita Papa Aline, kwa jina la bintiye mkubwa.

"Karibu, karibu! Njo weye mwalimu? Bon, kuja uone mutoto yangu!"

Alinishika mkono akanizungusha boti nzima, akigonga kila bati na kulitaja mwezi lilipochomewa. Nikamuuliza lile ambalo kila mtu humuuliza, kwa nini boti ajengee hapa.

"Juu ya nini najengea apa?" Akacheka. "Mi niko na kiwanja apa, haiko ku ziwa. Ningengoja kiwanja ya ku ziwa, ningekufa bila bato."

Ukuta wa karakana ulijaa chaki: uzito wa kila bati, kila nondo, kila boliti. Nilijumlisha upya mstari kwa mstari na sikupata kosa hata moja. Tani kumi na mbili pamoja na injini. Pembeni ilisimama mitambo yake ya kunyanyulia, miti mitatu ya mkaratusi iliyofungwa kileleni, na chini yake imening'inia kapi ya mnyororo, ile unayovuta kwa mkono kidogokidogo. "Iyi njo grue yangu," akasema kwa aibu, yaani kreni yake. Chuma chote cha boti ile kilipandishwa na kitu kile. Nilikiangalia kwa heshima, ingawa nakiri niliona kazi yake imekwisha.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulitoka na mtaa kwenda umuganda, kuzibua mfereji na kujenga upya ukingo wake. Nilipangwa pamoja na Mama Shukuru, mwashi wa mawe, mwanamke mfupi mwenye mikono migumu na nyundo ya mpini mfupi. Kila jiwe kabla hajaliweka aliligonga mara mbili, akainamisha kichwa, kisha ama analipanga ama analitupa. Hata ardhi aliigonga. Alionekana kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Unatafuta nini, Mama?" nikauliza.

"Naisikiliza."

"Jiwe?"

"We, mwalimu, iyi jiwe iko na tumbo. Ingine imeshiba, ingine iko na njaa. Ukijenga juu ya yenye njaa, nyumba inaanguka."

Nikacheka. Naye akacheka, kwa adabu.

Saa tano na robo Dativa alikwisha kuingiza kreni uani, nyuma ikitazama boti, karibu kadiri ilivyowezekana. Trela refu la chini likangoja barabarani. Papa Aline alikuwa anakwenda huku na huku akitazama anga. "Fanya mbio, Mama Dativa, upepo iko inakuya!" Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoingia mimi. Kreni ya aina hii haiinui mzigo ikiwa imekaa juu ya matairi. Hutoa miguu minne ya chuma pembeni, ikajinyanyua, na uzito wote wa gari na mzigo hushuka kwenye miguu hiyo. Na nguvu yake si moja: mzigo ukiwa karibu inabeba sana, ukiwa mbali inabeba kidogo. Kuna jedwali la hayo yote. Dativa akanipa.

"Haya, Mwalimu. Wewe ndiye msomaji."

Nilisoma. Kwa umbali ule, tani kumi na sita. Boti ni kumi na mbili, ongeza nusu tani ya ndoano na minyororo.

"Inatosha," nikasema kwa sauti yangu ya darasani. "Tena inabaki."

"Niweke magogo chini ya miguu?"

"Juu ya mwamba?" Nilikanyaga jiwe kwa kisigino. "Mwamba kuliko huu utaupata wapi? Tunapoteza muda."

Dativa alikubali. Alikubali kwa sababu ni mimi niliyesema. Minyororo ikafungwa, miguu ikatolewa, nami nikasimama mahali pa mtoa ishara, mkono tayari kuonyesha juu. Mzigo wa kweli, na mwenyewe amesimama pembeni anaungoja!

Majirani walikuwa wanarudi kutoka umuganda na majembe yao, wakajipanga ukutani kutazama. Mama Shukuru hakujipanga. Alikwenda mguu wa kwanza wa kreni, akagonga jiwe mara mbili. Mguu wa pili, mara mbili. Wa tatu. Kwenye wa nne, ule wa upande wa boti, akagonga, akagonga tena, akapiga magoti.

"Simamisheni," akasema. "Apa chini haiko kitu."

"Mama, hilo ni jiwe tupu," nikasema, na niliona aibu ya kusimamishwa mbele za watu.

"Njo jiwe. Lakini chini yake, hapana." Akachukua nondo, akaiingiza kwenye ufa mdogo ambao mimi nilikuwa nimeuruka mara kumi. Nondo ikateremka, ikateremka, akabaki ameshika ncha. Akaiachia. Ikapotea.

Dativa akatuambia wote tutoke, akafungua minyororo, kisha akaukandamiza mguu ule taratibu, bila mzigo wowote. Jiwe likapasuka kama ganda la yai. Sahani ya chuma ya mguu ikazama hadi nusu, na hewa baridi ikatupanda kutoka shimoni. Moto wa volkano wa zamani ulipita chini kama mto, ukaacha pango. Kama ningeonyesha kidole juu, kreni ingelala upande, na Dativa yumo ndani.

Nikakaa chini. Dativa alishuka, akaja akasimama mbele yangu. Hakunigombeza. "Simama, Kulwa," akasema. "Bado tuna boti."

Saa sita na nusu. Mama Shukuru alizunguka ua wote na nyundo yake, nasi tukimfuata kimya kama watu walio kanisani. Mahali pekee jiwe lilipokuwa limeshiba palikuwa karibu na lango. Tukapima umbali mpya. Nilisoma jedwali mara tatu, safari hii kwa sauti ndogo: tani kumi na moja. Boti na minyororo ni kumi na mbili na nusu. Papa Aline aliketi juu ya ndoo, akavua miwani yake ya kuchomelea.

"Donc imekwisha," akasema.

Nilitazama ukuta wa chaki kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Na pale, mstari wa chini kabisa, niliona: injini na giaboksi, tani mbili.

"Injini inatoka?" nikauliza.

"Inatoka namna gani? Iko chini ya paa ya kabini. Kamba ya grue haiwezi kuingia."

Ni kweli. Kreni ya Dativa ingeweza kuiokota injini ile kama kikombe, lakini kamba yake hushuka wima kutoka angani, na juu ya injini palikuwa na paa la chuma lililochomewa. Nikageuka. Miti mitatu ya mkaratusi ilikuwa bado imesimama pale pembeni, na kapi yake imening'inia.

"Papa Aline," nikasema, "grue yako inaingia chini ya paa?"

Alinitazama. Kisha akaruka kutoka kwenye ndoo.

Sijawahi kuona watu wakifanya kazi namna ile. Walifupisha miti kwa msumeno, wakaisimamisha ndani ya kabini juu ya injini, wanaume wawili wakavuta mnyororo, trak-trak-trak, upana wa kidole kwa kila mvuto. Injini ikaachia kitanda chake. Wakaingiza mbao zilizopakwa grisi, wakaitelezesha hadi sitaha ya wazi, na hapo kreni kubwa ya manjano, iliyokwisha kuhamia langoni, ikashusha ndoano yake na kuipokea. Majirani walishangilia! Nami nilishangilia, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Katika vitabu vyangu kila aina ya kreni ina ukurasa wake, na hazijawahi kukutana.

Saa nane na nusu, magogo mazito yakiwa chini ya miguu yote minne, nilinyoosha mkono na kuonyesha juu. Boti ilitikisika, ikaacha vitegemeo vya mbao ilivyovikalia kwa miaka mitatu, ikapanda juu ya ukuta. Wanaume waliishika kwa kamba isizunguke. Papa Aline alitembea chini yake mpaka Dativa akapiga honi kumfukuza. Ikalala kwenye trela taratibu, na injini kwenye lori dogo nyuma.

Saa kumi alasiri, bandari ya Rubona. Upepo ulikuwa umefika kabla yetu. Dativa hufunga kitambaa chekundu kwenye ncha ya mkono wa kreni, na kitambaa kile kilikuwa kimenyooka kabisa. Boti ni bati kubwa, upepo ukilishika hakuna kamba itakayolizuia. Tukakaa. Tulikula sambaza, dagaa wa Kivu, wa kukaanga, tukarudia, na Papa Aline hakugusa. Mama Shukuru, aliyekataa kubaki nyumbani, aligonga gati lote kwa nyundo yake. "Iyi imeshiba," akatangaza, na wapakuzi wa bandari wakamshangaa.

Saa kumi na moja kasorobo kitambaa kikalegea, kikainuka, kikalala.

"Sasa," Dativa akasema.

Nilitoa ishara zote mwenyewe, juu, kushoto, chini, chini polepole, mpaka maji yakaipokea boti na minyororo ikalegea. Papa Aline akarukia ndani, akafungua mfuniko wa sakafu, akatoweka chini. Tulisubiri. Mahali popote alipochomelea vibaya, maji yangekuwa yanaingia sasa hivi. Kisha mkono ukatokea, umeshika kitambaa cheupe alichopangusia mishono yote.

"Kavu!" akapiga kelele. "Kavu, kavu, kavu!" Alikuwa analia. Dativa alibonyeza honi ya kreni asiiachie, na nadhani hata ng'ambo ya pili walituona wehu.

Jumapili asubuhi tuliagana Mbugangari. Papa Aline alikuwa tayari anabeba miti yake mitatu kwenda Rubona kuirudisha injini. Mama Shukuru alinipa nyundo yake ya zamani, kichwa kimelika upande mmoja, akanikatalia shukrani.

Jumatano nilisimama mbele ya darasa. "Neema," nikasema, "uliniuliza swali, nami nikakimbia. Sasa nimeinua mzigo ambao mwenyewe anaungoja. Na kabla ya kuuinua nilikosea. Jedwali lilikuwa sahihi, mimi sikuuliza ardhi, na nusura nimuue rafiki yangu." Niliwasimulia yote, pamoja na kicheko changu cha umuganda. Kisha nikampa Neema nyundo, tukatoka uani.

Aligonga karibu na ukuta, mlio ukawa mzito na mfupi. Aligonga katikati ya ua, vilevile. Akafika penye mguu wa kreni yetu ndogo, pale tulipolinyanyua pipa la mchanga kwa miaka minane huku wanafunzi wakisimama kuizunguka na kupiga makofi. Akagonga mara mbili. Akainamisha kichwa, akagonga tena.

Mlinzi mzee wa chuo alituambia baadaye kwamba hapo palikuwa na shimo la choo cha zamani, likafunikwa na zege. Wakati ule hatukulijua hilo. Tulisikia tu mlio wa ngoma chini ya zege, na wanafunzi thelathini wakarudi nyuma bila kuambiwa. Siku hiyo hatukuinua kitu.